Kobe wa Bristol: Historia ya Roboti za Wanaoanza na Funzo Lake katika Kuunda Istilahi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kusimulia, kwa muhtasari, historia ya roboti ndogo ambazo watu wasio wataalamu wamekuwa wakiziunda majumbani, shuleni na katika karakana kwa ajili ya kujifunza na kujifurahisha. Kisha kuonyesha funzo ambalo historia hiyo inatupa sisi tunaofanya kazi ya kuunda istilahi. Huenda msomaji akajiuliza: roboti na lugha, wapi na wapi? Jibu nililipata kwa njia ya aibu, na sina budi kulianzia hapo.

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kuandaa orodha ya istilahi za fani hii. Nilikaa mezani, nikakusanya kamusi, nikafuata vigezo tunavyovijua sote: ufupi, uwazi, na kupatana na sarufi ya Kiswahili. Nikapata orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti, nami nikaridhika nayo. Kabla ya kuiwasilisha, niliona ni vyema niionyeshe kwa vijana waliokuwa wakikutana jioni katika karakana moja ya kutengeneza redio, wakiunda vigari vinavyojiendesha. Kijana mmoja alikuwa ameshika kidude kidogo cha mviringo, chenye miguu miwili ya waya. Nikamwambia kwa fahari kwamba jina la kidude hicho ni kihisi. Akakitazama, kisha akaniuliza: "Sasa kaka, hiki kinahisi nini?" Nikajibu kwamba kinahisi mwanga. Akauliza tena: "Na kikishahisi, kinamwambia nani?" Nikanyamaza. Jina nilikuwa nalo. Kazi ya kitu chenyewe sikuijua.

Tangu jioni ile niliamua kuianza kazi upya, safari hii nikiwa mwanafunzi. Nilisoma jinsi roboti za wanaoanza zilivyozaliwa, na nikajaribu kuunda moja kwa mikono yangu. Yafuatayo ni niliyoyapata.

Neno "roboti" na ngeli yake

Neno roboti halikuzaliwa katika karakana, lilizaliwa jukwaani. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alichapisha tamthilia yake iitwayo R.U.R. mwaka 1920, nayo ikaonyeshwa katika jumba la taifa la maonyesho mjini Praha mwezi Januari 1921. Čapek mwenyewe alieleza baadaye kwamba neno hilo alipewa na kaka yake, mchoraji Josef Čapek. Asili yake ni neno la Kicheki robota, ambalo maana yake ni kazi ya shokoa, yaani kazi ambayo mkulima alilazimishwa kumfanyia bwana wa ardhi. Katika milki ya Habsburg, ambayo nchi ya Wacheki ilikuwa sehemu yake, shokoa hiyo ilifutwa mwaka 1848. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa bado hai katika lugha. Viumbe wa tamthilia hiyo hawakuwa wa chuma wala waya. Walikuwa wenye mwili wa kutengenezwa, wakifanana na binadamu, na mwishowe waliwaasi mabwana zao.

Hapa pana jambo litakalomvutia mwanasarufi wa Kiswahili. Kicheki, kama Kiswahili, hutofautisha chenye uhai na kisicho na uhai katika baadhi ya maumbo ya nomino. Wahusika wa Čapek, kwa kuwa ni mfano wa watu, wingi wao ni roboti. Ilhali Wacheki wanapotaja mashine za jikoni zenye jina hilohilo, husema roboty. Basi Wacheki walilazimika kuamua swali ambalo sisi hatujalimaliza: je, tuseme roboti huyu amesimama, au roboti hii imesimama? Magazeti yetu hutumia namna zote mbili, pengine katika habari moja. Mtu anaweza kudhani kwamba ni jambo dogo la upatanisho. Lakini anayesema amesimama amekwisha kumdokeza msikilizaji kwamba ndani ya chombo kile yumo mtu. Na mwanafunzi anayeanza akiamini kwamba yumo mtu ndani, hatafungua kifuniko aone waya.

Kobe wa Bristol

Mtu wa kwanza kuunda roboti ndogo ambayo mwanafunzi wa kawaida angeweza kuielewa yote hakuwa fundi wa viwandani. Alikuwa William Grey Walter, mtaalamu wa ubongo, aliyezaliwa Marekani mwaka 1910 na kufanya kazi katika Taasisi ya Burden, mjini Bristol, Uingereza. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima mikondo midogo ya umeme katika vichwa vya wagonjwa. Alitaka kujua kama mwenendo unaoonekana kuwa na akili unaweza kutokana na sehemu chache mno. Kati ya mwaka 1948 na 1949 aliunda vyombo viwili vilivyotambaa sakafuni juu ya magurudumu matatu, akavipa majina ya Elmer na Elsie. Kwa kuwa vilifunikwa gamba, na mwendo wao ulikuwa wa polepole, vilijulikana kama kobe.

Ndani ya gamba mlikuwa na vitu vinavyohesabika: vali mbili za redio, seli moja ya mwanga, mguso mmoja wa umeme, mota mbili na betri. Mota moja ilisukuma gurudumu la mbele. Ya pili iligeuza usukani, na seli ya mwanga iligeuka pamoja na usukani huo, hata ikawa kobe anapepesa huku na huku akitafuta. Mwanga wa wastani ulipoingia katika seli, usukani ulisimama na kobe akaenda kuuelekea. Mwanga ulipozidi ukali, usukani ulianza kugeuka tena na kobe akauacha. Gamba lilipogonga kiti au ukuta, lilisogea kidogo na kufunga mguso. Hapo kobe alisukuma na kugeuka, akasukuma na kugeuka, mpaka akapata njia.

La kustaajabisha zaidi lilihusu betri. Walter aliweka kibanda chenye taa kali na vyuma vya kuchaji. Betri ikiwa imejaa, kobe aliikwepa taa ile kwa ukali wake. Betri ilipopungua nguvu, vali nazo zilipungua wepesi wa kuitikia mwanga; ukali uleule haukutosha tena kumfukuza, naye akaingia kibandani akachajiwa. Mtazamaji aliona mnyama mwenye njaa anayerudi nyumbani kula. Lakini ndani ya chombo hapakuwa na sehemu yoyote iliyoijua njaa. Palikuwa na betri iliyochoka, basi.

Walter aliandika habari za kobe wake katika jarida la Scientific American mwaka 1950 na 1951, na mwaka huo wa 1951 kobe walionyeshwa kwa umma katika Tamasha la Uingereza mjini London. Katika kitabu chake cha mwaka 1953 aliongeza maelezo ya muundo wa chombo, ili msomaji mwenye ujuzi wa redio aweze kukiunda mwenyewe. Hilo ndilo linalomfanya awe babu wa wanaoanza. Wengi walikuwa wamekwisha kuonyesha mashine za maajabu. Yeye aliikabidhi siri ya ajabu yake kwa yeyote mwenye koleo na lehemu.

Msomaji makini ameona kwamba katika aya hizi mimi mwenyewe nimeandika kobe alikwepa, kobe aliingia. Sarufi ya Kiswahili imenilazimisha, maana kobe ni mnyama na mnyama ni wa ngeli ya A-WA. Nitalirejea jambo hili.

Kobe wa darasani

Kobe wa pili katika historia hii anahusu bara letu kwa upande mmoja. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Mwaka 1967, akiwa Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alishirikiana na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon kubuni lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, iitwayo Logo. Miaka michache baadaye lugha hiyo iliunganishwa na chombo cha magurudumu kilichotambaa sakafuni kikiwa na kalamu tumboni. Mtoto aliandika amri ya kwenda mbele hatua 100, kisha kugeuka kulia nyuzi 90. Akairudia mara nne, na mraba ukachorwa mbele ya macho yake.

Papert alitambua kwamba mtoto aliyekwama alikuwa na njia rahisi ya kujikwamua: ainuke, ajifanye yeye ndiye kobe, atembee njia ile kwa miguu yake, na ahesabu alivyogeuka. Elimu ya jiometri iliingia kupitia mwili. Mwaka 1980 alieleza fikra hizo katika kitabu chake Mindstorms. Jina la kitabu hicho lilichukuliwa na kampuni ya LEGO mwaka 1998 kwa ajili ya seti za kuundia roboti, ambazo ziliwafundisha watoto wengi wa nchi tajiri hadi zilipositishwa mwishoni mwa mwaka 2022.

Kwetu sisi chombo cha Papert kinaleta swali dogo la tafsiri. Jina alilopewa na Wamarekani hufasiriwa mara nyingi kuwa kasa. Lakini watu wa pwani wanajua vyema kwamba kasa ni wa baharini na hutambaa nchi kavu kwa taabu, hasa anapokuja kutaga. Wa nchi kavu ni kobe. Chombo kinachotembea sakafuni hakina budi kuwa kobe. Anayetafsiri kwa kamusi peke yake atatupa kasa darasani, na mtoto wa Bagamoyo atacheka kwa haki.

Kutoka vali hadi chipu

Kwa muda mrefu mlango uliofunguliwa na Walter ulikuwa mwembamba. Vali zilikula umeme mwingi na zilivunjika upesi. Transista, iliyovumbuliwa katika maabara za Bell, Marekani, Desemba 1947, ilichukua miaka mingi kufika katika mikono ya wapenzi wa redio kwa bei nafuu. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa chipu yake ya 4004, iliyokusanya kazi za kukokotoa katika kipande kimoja. Mwaka 1982 kampuni ya Heathkit, nayo ya Marekani, ilianza kuuza roboti iitwayo HERO 1, ambayo mnunuzi aliiunganisha mwenyewe nyumbani. Lakini bei yake ilikuwa kama dola 1,500, fedha ambazo mwanafunzi hakuwa nazo hata hukohuko Marekani.

Mwaka 1984 Valentino Braitenberg, mtaalamu mwingine wa ubongo, alitoa kitabu kidogo chenye vigari vya kufikirika. Chukua kigari chenye vipokea mwanga viwili mbele na mota mbili nyuma, kila mota na gurudumu lake. Unganisha cha kushoto na mota ya kushoto, cha kulia na mota ya kulia. Taa ikiwa upande wa kushoto, mota ya kushoto itazunguka kwa kasi zaidi, na kigari kitageukia kulia, yaani kitaikimbia taa. Sasa zipishanishe waya, cha kushoto kiende mota ya kulia na cha kulia kiende ya kushoto: kigari kitaifuata taa na kuigonga. Kigari cha kwanza Braitenberg alikihusisha na woga, cha pili na uchokozi. Alifanya hivyo makusudi, kumwonyesha msomaji jinsi anavyoharakisha kuona moyo palipo na waya mbili tu.

Hatua iliyofungua mlango kwa upana ilifanyika Italia. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea, walimu na wanafunzi wa chuo cha usanifu walitoa kibao cha umeme kiitwacho Arduino, jina walilolitoa katika baa waliyozoea kukutana. Michoro yake ilitolewa wazi, ili mtu yeyote aweze kuitengeneza na kuiuza. Ndiyo maana nakala zake za bei ndogo zimeenea hata katika maduka yetu. Kibao aina ya Uno, cha mwaka 2010, kina pini 14 za kuwasha na kuzima na pini 6 za kupima volteji. Mambo ambayo Walter aliyafanya kwa vali mbili, kijana leo huyafanya kwa kuandika mistari kadhaa ya programu.

Niliyojifunza karakanani

Nilirudi karakanani na vijana wakanipokea kwa subira. Tuliunda kigari cha Braitenberg: kibao kimoja, mota mbili ndogo zenye gia, gurudumu la tatu la kuzunguka kila upande, na betri nne za volti 1.5, jumla volti 6. Mwili wake ulikuwa kipande cha ubao mwembamba. Mmoja wao alisema ni sawa na magari ya waya na makopo waliyoyaunda utotoni, ila hili halivutwi kwa kamba.

Kosa langu la kwanza ni kosa la karibu kila anayeanza. Nilichomeka mota moja kwa moja katika pini ya kibao. Pini hiyo inashauriwa kutoa mkondo wa miliampia 20 tu, ilhali mota ndogo inapoanza kuzunguka inaweza kuhitaji mamia ya miliampia. Vijana walinizuia kabla sijaunguza kibao. Kati ya pini na mota huwekwa sakiti ya kati ambayo hupokea amri ndogo kutoka kwenye kibao na kuruhusu mkondo mkubwa kutoka kwenye betri. Wao huiita draiva. Mimi katika orodha yangu nilikuwa nimeiita kisukumi, kwa kuwa inahusu mwendo. Kumbe haisukumi kitu! Kazi yake ni kama ya bawabu: hufungua na kufunga njia kwa amri ya mwingine.

Kosa la pili lilikuwa la kidude kile cha mviringo. Hatimaye nilielewa kwamba hicho ni rezista ambayo ukinzani wake hupungua mwanga unapoongezeka. Peke yake haifanyi chochote. Huunganishwa mfululizo na rezista ya kawaida, yetu ilikuwa ya omu 10,000, na volteji ya pale zinapokutana hupanda na kushuka kufuata mwanga. Kibao hupima volteji hiyo na kuipa namba kati ya 0 na 1023. Namba hiyo ndiyo jibu la swali la yule kijana. Kidude hakimwambii mtu kitu. Kinabadilika tu, na sisi tunayapima mabadiliko yake.

Turudi basi katika sarufi. Katika vitenzi vya mkopo kama ratibu na hariri, mtendaji hupatikana kwa kuweka kiambishi mbele tu: mratibu, mhariri. Kwa njia hiyo hiyo, kihisi husikika kuwa ni kitu kinachohisi chenyewe. Bali umbo lenye kiishio -o mara nyingi huonyesha chombo cha kutendea: kizibo ni cha kuzibia, kifuniko ni cha kufunikia, ufagio ni wa kufagilia. Hivyo kihisio ni chombo ambacho kwacho mwingine anahisi. Tofauti ni herufi moja, lakini herufi hiyo inamweleza mwanafunzi mahali pa kutafuta kosa. Aliyefundishwa kihisi, kigari kikikataa kufuata taa, atadhani kidude kimepofuka na atakwenda kununua kingine. Aliyefundishwa kihisio atauliza: anayehisi kwa chombo hiki ni nani? Atafuata waya hadi kwenye kibao, na aghalabu atakuta waya umechomoka. Vijana wale hawana fedha za kununua vipuri kwa kubahatisha.

Haidhuru, basi, tukiita chombo kizima kobe na kumpa upatanisho wa mnyama? Nadhani haidhuru, bali inasaidia. Walter na Papert walionyesha kwamba jina la mnyama mpole humtoa mwanafunzi hofu, likamvuta akae sakafuni karibu na chombo. Hatari huanza pale uhai huo wa mzaha unapohamia katika sehemu za ndani. Jina la chombo kizima liwe la kumkaribisha mgeni. Majina ya sehemu yaseme kweli kuhusu kazi ya kila sehemu. Na kwa roboti kwa jumla ningependekeza ngeli ya I-ZI, roboti hii na roboti hizi, tukiwaachia watunzi wa hadithi ngeli ya A-WA wanapomhitaji mhusika.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba fani hii ilikua kila mara mtu alipomfungulia asiyejua: Walter kwa maelezo ya muundo, Papert kwa amri ambazo mtoto anaweza kuzitembea, Braitenberg kwa waya mbili zilizopishana, na watu wa Ivrea kwa michoro iliyo wazi. Istilahi nazo ni sehemu ya kufungua huko. Baraza letu liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu hapo maneno mengi yameundwa kwa nia njema. Mengine yamekaa, mengine yamebaki katika vijitabu. Kompyuta iliwahi kupendekezewa majina ya ngamizi na tarakilishi, lakini watumiaji wamelishika kompyuta, kwa kuwa walikutana na chombo kabla ya kukutana na orodha.

Kwa sababu hiyo orodha yangu nimeipunguza. Kisukumi nimekifuta, na draiva nimeiacha kama inavyotamkwa na mafundi. Kihisi kimekuwa kihisio. Rezista imebaki, na ukinzani umetumika kwa sifa yake. Zaidi ya nusu ya maneno niliyoyaunda mezani nimeyaondoa, si kwa kuwa ni mabaya, bali kwa kuwa sijapata bado kukishika kitu kinachotajwa, na sioni haki ya kukipa jina kabla ya hapo.

Wasomaji walio karibu na karakana, shule za ufundi na vikundi vya vijana wanaombwa watuletee majina yanayotumika huko, pamoja na maelezo ya kazi ya kila kitu. Tafadhali waeleze kinafanya nini na kimeunganishwa na nini. Maelezo hayo tutayahitaji kabla ya kuamua jina lipi lisanifishwe.